Buti la Kushoto

Gunia la mabuti yaliyochakaa lina harufu yake. Nikilifungua asubuhi kabla sijanywa chai hunijia usoni yote kwa mara moja: jasho la zamani, polishi, vumbi la mahali nisipopajua, na chini kabisa uchachu wa ngozi iliyowahi kulowa ikakaushwa vibaya. Wenzangu hukimbilia kufungua dirisha. Mimi huinama nikavuta pumzi. Wananicheka, wanasema siku moja nitaugua mapafu kwa kunusa miguu ya watu, nami huwaambia nimenusa miguu tangu nikiwa mtoto na bado niko.

Hiyo ndiyo kazi yangu, msinicheke na ninyi. Niko katika kiwanda kinachoshona nguo na viatu vya askari na walinzi, mbali kidogo na nyumbani kwetu Meru, na vitu vilivyotupwa hurudishwa kwetu ili tuone vilikufa vipi. Maana nguo hufa, na kila moja ina kifo chake. Shati huanza kuisha begani, pale mkanda wa mzigo unapokaa. Suruali huachia katikati ya miguu siku mwenyewe anaporuka mtaro. Kuna soli ambazo hazikuwahi kukanyaga chini hata mara moja. Zimekaa ghalani muda mrefu mpaka ukizishika zinamomonyoka mkononi. Mimi hukata kwa kisu, hutazama uzi ulipokatikia, kisha huwaambia mafundi waongeze mshono hapa, wabadilishe ngozi pale. Vijana wapya wakiniuliza nilisomea wapi mambo haya huwatajia chuo, nao huridhika. Ukweli ni kwamba nilisomea Githongo, uani kwetu, juu ya gunia la kahawa lililotandikwa chini.

Nayasema haya kwa sababu juzi gunia lilinitolea buti moja la kushoto lililoisha kwenye ncha tu. Mahali pengine lilikuwa zima kabisa. Nililiweka kando, nikashindwa kufanya kazi hadi saa ya chakula.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Alikuja likizo mara chache kwa mwaka, akateremka ile njia ya kwetu yenye kahawa pande zote mbili akiwa na begi la kijani begani, nasi tukatoka mbio kumpokea tukiwa hatujanawa. Nyumbani tulizungumza Kimeru, lakini Baba alikuja na Kiswahili chake cha kambini, na kwa siku zote za likizo boma zima lilijitahidi kumjibu kwa lugha hiyo. Kiswahili cha Mama kilikuwa kibovu kuliko cha wote, na ndicho kilichokuwa na ujasiri zaidi. Alikitumia hata kuwafukuzia kuku.

Ndani ya lile begi, chini ya sukari na sabuni alizotuletea, kulikuwa na furushi la vitu vilivyokwisha: kombati iliyopasuka, soksi zisizo na visigino, na mabuti yake ya mwaka. Mtu mwingine angevitupa hukohuko. Baba alivileta kwa ajili ya mchezo wetu, na sharti la mchezo lilikuwa asivisafishe. Asubuhi ya pili, akishashiba usingizi, Mama alitandika gunia uani, akavipanga vitu juu yake. Baba alikaa kwenye kigoda na kikombe chake cha ucuru, ule uji wetu mchachu, akasema, "Haya, semeni. Nilikuwa wapi na nilikuwa nafanya nini?" Kuanzia hapo hakusema tena. Tukipata, alitikisa kichwa kwa kukubali. Tukikosa, alikunywa uji.

Mama ndiye aliyekuwa hodari. Msimu wa kahawa alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa cha chini kule mtoni, kuchagua mbovu na nzuri mezani, na vidole vyake vilizoea kuokota ile yenye kasoro huku macho yake yakiwa kwa jirani na mdomo ukiendelea na habari za kanisani. Aliipitisha suruali ya Baba kwenye vidole hivyohivyo. "Hapa goti imeisha lakini kiwiko iko sawa. Ulikuwa unapiga magoti, hukuwa unatambaa." Kaka yangu Mutwiri, aliyenizidi miaka michache na kiburi chote, alichukua udongo wa kwenye mishono ya soli akaupaka kiganjani, akatangaza ni wa kaskazini, au ni wa pwani, kwa sauti ya mwalimu wa jiografia. Kazi yangu mimi ilikuwa ndani ya buti, kwa sababu mkono wangu ndio ulioingia hadi mwisho. Nilipapasa kule gizani nikasema nilichokuta: shimo la kidole gumba, mawe madogo, soli ya ndani iliyobonyea kisigino.

Tulikosea pia, tena vibaya. Mwaka mmoja tuliona mapaja ya suruali yana madoa ya wanga, tukaamua kwa kauli moja kwamba Baba amepandishwa cheo na kuwa mkuu wa wapishi. Alikunywa uji wote akaongeza kikombe. Mwishowe akakiri kwamba alikuwa ameadhibiwa kumenya viazi kwa kumjibu mkubwa wake, na Mama akacheka mpaka akajifunika uso kwa leso.

Mchezo ukiisha, kisu kilianza. Raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi, na Mama alikuwa amesikia habari za kijana aliyekamatwa mjini Meru, upande wa Kinoru, kwa sababu ya kofia tu. Kwa hiyo hakuna kilichovaliwa. Suruali zilikatwa zikawa vitambaa vya kushikia sufuria. Koti moja alilivaa ndama wakati wa baridi ya Julai, likiwa limegeuzwa ndani nje ili serikali isilitambue, na majirani waliopita walimpigia saluti. Mabuti ndiyo yaliyodumu zaidi. Ngozi ya shingo ilikatwa ikawa bawaba za milango ya mabanda. Inakunjika vizuri na haipigi kelele. Sehemu ya mbele, ncha pamoja na kipande cha soli yake, ilipigiliwa ukutani stoo, mdomo ukitazama juu, ikawa kikombe cha kuwekea misumari. Banda letu la kuku lilikuwa na bawaba zilizotembea hadi mpakani.

Sasa niwaambie kuhusu pikipiki. Nilikuwa darasa la nne. Mjomba Muriungi, ndugu mdogo wa Mama, alinunua pikipiki kuukuu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Majengo mjini, akawa na maringo ya kutisha. Ilikuwa ya ule mtindo wa kuinua gia kwa mguu wa kushoto: unaingiza ncha ya kiatu chini ya mkono wa gia, unainua. Baada ya muda kiatu cha kushoto cha mwendeshaji hufanya alama pale juu, ngozi hufifia na kubonyea. Mjomba aliipenda alama hiyo kuliko pikipiki yenyewe. Alikaa barazani na mguu wa kushoto umetangulia ili kila mtu auone. Vijana wa Githongo wasio na pikipiki walikuwa wanasugua viatu vyao vya kushoto kwa jiwe, wapate kuonekana na wasichana kwamba wao pia ni watu wa gia. Sisemi uongo. Mutwiri alichapwa na Mama kwa kuharibu hivyo kiatu cha shule.

Baba alikuja likizo mwaka huo kabla ya mvua. Alishuka njiani polepole, akatuachia begi tulibebe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipofika uani aliketi kwanza ndipo akasalimia. Mama alisema, "Umechoka, Baba Mutwiri," naye akasema barabara ilikuwa mbaya. Niliyaona haya yote, nayakumbuka vizuri sana, na wakati ule hayakuniambia chochote.

Asubuhi ya pili gunia likatandikwa. Mjomba alikuwepo, alikuwa amepanda kutuonyesha taa mpya ya pikipiki. Tulimaliza kombati, tukamaliza soksi. Mabuti Baba aliyatoa mwenyewe mwisho, akayaweka katikati ya gunia, akalisogeza lile la kushoto mbele kidogo ya mwenzake.

Mama alilinyanyua, akaligeuza. "Hii imeisha huku mbele pekee yake," akasema. "Ya kulia haina neno."

"Kama ya anko," Mutwiri akasema.

Mjomba alikuwa ameshavua kiatu chake. Akakiweka kando ya buti, akachuchumaa, akatazama kimoja, akatazama kingine. "Sawasawa kabisa. Shemeji, kumbe wamekupea piki na hukutuambia?"

Mama aliweka mkono mdomoni. Ninyi mnaosoma hapa pengine hamwezi kujua pikipiki ya serikali ilikuwa kitu gani kwa mke wa askari wa kawaida kijijini kwetu. Ilikuwa na maana kwamba mumewe ametambuliwa. Hatembei tena na mzigo mgongoni pamoja na wengine. Anapeleka ujumbe wa wakubwa, watu wanampisha njia. Mama alikuwa amevumilia miaka mingi ya kuchagua kahawa karibu na wanawake ambao waume zao walikuwa walimu na makarani. Furaha ile ilipompanda usoni, nilifurahi hata mimi.

Baba hakutikisa kichwa. Wala hakunywa uji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akasema, "Angalieni tena."

"Tena ya nini?" Mama akasema. "Mimi ni mtu wa kuchagua kahawa. Hii siwezi kosa."

"Angalieni vizuri."

Kwa kuwa alisema tena, nami nilikuwa sijafanya sehemu yangu, nikalivuta buti nikaingiza mkono. Ndani hapakuwa na kitu. Lakini kidole changu kilipotoka kilipita kwenye matundu ya kamba, na lile la chini kabisa, karibu na vidole, halikuwa la mviringo. Lilikuwa limevutika kuelekea juu, ngozi imechanika kidogo. Nikasema, "Baba, hapa tundu imevutwa. Ni kama ulikuwa umefunga kitu hapa, kikavuta juu."

Baba alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote. "Kinya ameona," akasema, akinitaja jina kwa sauti ndogo.

"Ameona nini?" Mama akauliza.

"Hiyo ni mambo ya gia," Mjomba akasema, akijua kila kitu. "Ukiinua mguu, kamba inavutika. Hata yangu iko hivyo." Haikuwa hivyo, lakini nani angeangalia? Mama alikuwa ameshasimama, anajifunga leso upya, anaelekea kwenye ua kumwita jirani yetu. Tulimsikia akimwambia kwa Kimeru, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kwamba mzee wake siku hizi ni wa pikipiki.

Mimi nilibaki namtazama Baba, nasubiri atikise kichwa, maana nilijua nimepata. Alikuwa anamtazama Mama kule kwenye ua. Alimtazama hadi akarudi, uso wake umeng'aa, akasimama mbele yake akasema, "Si ni piki?"

"Ndiyo," Baba akasema. "Ni piki."

Nilikasirika. Nilikuwa mtoto, nilitaka alama zangu, na alama zangu alipewa Mjomba. Kuku alichinjwa siku ile. Baba aliombwa habari za pikipiki akazisimulia: jinsi alivyovuka mto uliojaa, jinsi swala alivyoruka mbele ya taa, jinsi mkubwa mmoja alivyokaa nyuma akamshika kiunoni kwa woga. Tulicheka mpaka machozi. Nadhani ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema vizuri kuliko wote waliozoea.

Likizo ile hakushuka shambani hata siku moja. Jioni kabla ya kurudi kambini alilikata buti lile mwenyewe, akatengeneza bawaba ya banda, na ile ncha akaipigilia ukutani stoo. Kazi hiyo kwa kawaida tulimwachia Mutwiri.

Kahawa ilikuwa bado haijaiva aliporudishwa. Aliletwa na mwenzake, ameshika fimbo, mguu wa kushoto ukining'inia kwenye kifundo; alipotaka kuuinua ncha ilibaki chini. Jeshi lilikuwa limemwachisha kazi. Alimwambia Mama kwamba alianguka na pikipiki. Nani angebisha? Pikipiki tuliijua sote, tuliila na kuku. Mama alilia, kisha akaingia vita na pikipiki zote za duniani. Hakumpa ndugu yake amani mpaka ile ya kwake ikauzwa, na Mjomba akarudi kutembea kwa miguu kwenda sokoni Githongo, amenuna, kiatu chake cha kushoto bado kina alama isiyomfaa tena.

Tulimpeleka hospitali mjini. Mimi ndiye niliyeshika koti lake. Daktari alimgonga goti, akamkwaruza wayo, akamwambia ajaribu kuinua vidole, navyo havikuinuka. Akaeleza kwamba tatizo lilianzia mgongoni, kuna mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu, labda kwa kubeba mizigo au kwa kuanguka zamani, na sasa umekufa. "Mngekuja mapema tungefanya kitu," akasema.

"Mapema ya lini, daktari?" Mama akauliza. "Si ajali ni ya juzi tu."

Daktari alimtazama Baba. Baba alitazama dirishani. Nilifikiri kwamba daktari huyu hasikilizi anachoambiwa, nikamchukia kwa niaba ya Mama.

Kwetu ni miteremko mitupu. Shamba la kahawa linashuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni, na mtu ambaye ncha ya mguu wake inakwama kwenye kila mzizi hawezi kulima huko. Alijaribu. Tulimwokota chini ya mibuni mara nyingi kuliko alivyotaka tukumbuke. Mwishowe alibaki huku juu, akatengeneza mabanda, akafuga kuku, akawa mzee kabla ya wakati wake, na sauti ya mguu ule ukiburuzwa kwenye sakafu ya saruji ikawa ndiyo sauti ya nyumba yetu. Mama alilima peke yake. Mchezo wa gunia haukuchezwa tena, kwa kuwa hakukuwa na begi la kufungua. Mimi niliukosa mchezo huo kuliko nilivyokosa kitu kingine chochote, na ninadhani ndio sababu nikaenda kutafuta kazi inayofanana nao.

Baba alifariki miaka michache iliyopita. Siku chache baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya watu kurudishwa, Mama aliniambia mlango wa banda la kuku umelegea. Niliona vizuri kupata kitu cha kufanya kwa mikono. Nikaingia stoo kutafuta misumari.

Kile kikombe bado kilikuwa ukutani. Niliimwaga misumari kiganjani, na kwa mazoea tu mkono wangu ukaingia ndani, ukapapasa, kisha nikaking'oa nikakipeleka mlangoni penye mwanga. Wakati huo nilikuwa nimeshakata mabuti kwa miaka mingi. Sikuhitaji hata kukaa chini.

Mkono wa gia hugusa kiatu kwa juu. Hubonyeza ngozi nyuma ya vidole, huifanya laini, huacha kishimo. Soli hauigusi kamwe. Hapa ngozi ya juu ilikuwa nzima. Kilichoisha ni ukingo wa soli, ulioliwa kutoka chini, kwa mshazari, mshono wote wa mbele umesagika pamoja na ngozi ya ncha. Kitu kinachosaga hivyo ni ardhi tu. Buti lile lilikuwa limeburuzwa, hatua kwa hatua, siku nyingi sana, na mtu ambaye mguu wake umeacha kuinuka. Na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na polishi, tabaka juu ya tabaka, imeshindiliwa kwa kidole mpaka imekuwa ngumu. Kila asubuhi kabla ya ukaguzi alikuwa anaziba alama mpya ili wakubwa wake wasimwone. Na lile tundu la chini, lililovutwa juu, lilikuwepo bado. Alikuwa amefunga mkanda hapo, akaukaza hadi juu ya buti, uinue vidole ambavyo vyenyewe havikuweza.

Hapakuwa na pikipiki yoyote. Hapakuwa na ajali. Aliposhuka ile njia na kutuachia begi, mguu ulikuwa unakufa, na ulikuwa bado haujafa.

Nilisimama pale mlangoni na misumari mkononi. Jambo lililoniuma, na linaloniuma ninapoandika haya, halikuwa kwamba alituficha. Angetaka kutuficha, angelitupa buti lile kambini, au angelisafisha. Alilibeba safari nzima. Alilitoa mwisho, akalisogeza mbele ya mwenzake. Kwa wakubwa wake hakuweza kusema, wangemwachisha kazi na sisi tulikuwa shuleni. Kwa Mama hakuweza kusema, mwanamume aliyelelewa kwa kuambiwa asilie hajui hata neno la kuanzia. Lakini duniani palikuwa na mahali pamoja ambapo mambo yake yalijulikana bila yeye kuyasema, napo palikuwa pale uani. Alikuja kujulikana. Sisi tukampa pikipiki. Akatuomba tuangalie tena, mara mbili, sisi tuliokuwa tunajivunia macho yetu, na alipoona furaha ya mkewe hakuweza kuinyang'anya.

Sitaki kumlaumu mtu. Mama alisoma alichotamani, na Mjomba alisoma alichokuwa nacho. Mimi kidole changu kilikuwa juu ya jibu, nikadhani jibu ni alama za mchezo. Siku hizi buti la namna ile likitoka guniani mimi huuliza limevaliwa na nani, ili mtu huyo aambiwe aende hospitali. Huambiwa magunia hayana majina.

Nilimsikia Mama akija. Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Alisimama karibu nami akaona nilichoshika, akanyoosha vidole vyake vile vya kahawa akaigusa ile ncha, taratibu, kwa kuijua.

"Hiyo ndiyo ya piki," akasema. "Ile piki iliniharibia mzee."

Alikuwa ameichukia pikipiki hiyo kwa miaka yote ile. Ilikuwa imembebea hasira yake yote, na huenda imembebea mengine. Niliangalia vidole vyake vikipita juu ya ukingo ulioliwa na kuendelea mbele bila kusimama, vidole ambavyo havikuwahi kuiacha kahawa mbovu mezani. Nikaelewa jinsi Baba alivyojisikia kwenye kigoda chake.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni ile piki."

Akaridhika, akaenda kuwapa kuku maji. Mimi nilibaki pale mlangoni, nikaligeuza buti kwenye mwanga, nikaliangalia tena, vizuri, kama alivyotuomba.